Gregory Isaacs hapandishi sauti na wimbo haulali. Anafanyaje?

Sauti_ya_Menengai, Nakuru

Habari zenu wapenzi wa reggae. Mimi ni mwimbaji hapa Nakuru. Wikendi naimba na bendi ndogo katika ukumbi mmoja Section 58. Tunaanza na zilipendwa, watu wakishakula tunaingia rumba, na ikifika saa nne usiku wateja wanataka reggae peke yake. Nakuru mnaijua, hata matatu ya Kaptembwo haing'oi bila reggae.

Sauti yangu imekulia kwaya ya kanisa. Pale unafundishwa kufungua kifua mpaka anayekaa mlangoni akusikie bila maiki. Kwenye rumba na nyimbo za injili hilo linanibeba. Lakini tukifika kwa Gregory Isaacs, yule mwimbaji wa reggae wa Jamaika, kitu kinakataa. Noti nazipata, maneno nayajua yote, ila ule ulaini wake sioni kwangu. Mpiga gitaa wetu, ambaye ndiye kiongozi, huniambia nipunguze sauti. Nikipunguza wimbo unalala usingizi. Nikiongeza, unageuka wa kwaya.

Naomba kuuliza wanaojua. Ulaini ule ni sauti aliyozaliwa nayo, ni kazi ya studio, au kuna jambo analolifanya ambalo mtu anaweza kujifunza? Na nyimbo zake za roots, zile za utumwa na mateso ya mtu mweusi, zinawezaje kuimbwa laini hivyo na bado ziwe na uzito? Tafadhali msiniambie niimbe kwa hisia. Hisia ninazo. Nataka kujua mdomo na pumzi vinafanya nini.

Selekta_Lurambi, Kakamega

Dada, mimi nasema ni kipaji tu. Nimepiga muziki kwenye harusi na sherehe za vijiji tangu enzi za disko matanga, na nimeona kwa macho yangu: kuna sauti ukiiweka, watu wanaacha kuongea. Ya Gregory ni hiyo. Huwezi kwenda kuisomea. Wewe una kifua, basi imba nyimbo zinazotaka kifua. Nitarudi jioni nieleze vizuri, sasa niko kazini.

Besi_ya_Dunga, Kisumu

Selekta, nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe hata kidogo.

Binti yangu, mimi ni mpiga besi. Nimesimama nyuma ya waimbaji hapa Kisumu tangu enzi za kaseti, kwenye hoteli na vilabu, kutoka Kondele hadi ufukweni. Benga na rumba zilinilisha, reggae niliipiga kwa mapenzi. Mpiga besi humsikia mwimbaji kuliko mwimbaji anavyojisikia, maana kazi yetu ni kumshika asianguke. Na ninachokisikia kwa Gregory ni mtu anayechelewa kwa makusudi, na anajua anachelewa kwa kiasi gani.

Hesabu nami polepole: moja, mbili, tatu, nne. Kwenye kwaya, moja ndiyo mlango. Mwalimu anashusha mkono, wote mnaingia pamoja. Sasa chukua reggae ya wan dropu, ule mdundo ambao Carlton Barrett, mpiga ngoma wa The Wailers, bendi ya Bob Marley, aliufanya ujulikane dunia nzima. Moja imeachwa tupu. Kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, inaangukia tatu, pamoja na fimbo inayogonga ukingo wa sneya, ile ngoma ndogo kali. Gitaa la ridhimu linakata mbili na nne. Kinanda kinatokota katikati ya hayo yote. Wewe uliyelelewa na kwaya unaingia kwenye moja kwa kifua chako chote, na pale hakuna kiki, na mara nyingi hata sisi wa besi tumepaacha. Umesimama hapo peke yako. Mwenzako wa gitaa anasikia kitu kimechomoza, anadhani ni ukubwa wa sauti, anakuambia upunguze. Hata ukinong'ona, bado umeingia mahali pasipo na mtu.

Gregory huiacha moja ipite. Neno lake linaanza nyuma yake, linatambaa, na ile silabi nzito inatua baada ya tatu, kidogo sana baada yake. Pale Dunga wavuvi wakishusha boti hawasukumi ovyo. Wanangoja wimbi liinue ubavu wa boti, ndipo mabega yanaingia, na boti nzito inateleza kama haina kitu. Ngoma ikishainua wimbo, Gregory anauongeza kidogo tu. Ndiyo sababu hahitaji nguvu, na ndiyo sababu hasikiki kama mtu aliyedhoofika. Nguvu ya wimbo iko kwa Flabba Holt kwenye besi na Style Scott kwenye ngoma, wa bendi ya Roots Radics, yeye ameiegemea.

Sikiliza pia anavyomaliza mistari. Mwimbaji wa kanisa huishika noti ya mwisho mpaka pumzi iishe, na watu husema amina. Yeye huiachia mapema. Inashuka, inakaribia kuwa maneno ya kawaida, kisha ananyamaza, na kwenye ule unyamavu unasikia besi ikimjibu. Mara nyingine anaweka mguno, au pumzi inayosikika. Mguno ule una mahali pake kwenye pigo. Jaribu kuimba mstari huohuo bila mguno uone unavyoyumba.

Sisi watu wa ziwa tuna kazi ya ziada hapa. Benga imetuzoesha besi inayoruka na gitaa linalomfukuza mwimbaji, na wimbo ukikaribia mwisho moto unaongezwa hadi vumbi lipande. Mimi mwenyewe naipenda mno. Lakini reggae ya Gregory inakaa palepale tangu mwanzo hadi mwisho, na anayetafuta pa kupandia atauvunja wimbo.

Sasa la studio. Night Nurse, albamu ya 1982, ilirekodiwa studio ya Tuff Gong kule Kingston, Jamaika, na hao Roots Radics, na vinanda vya sinthesaiza vikaongezwa na Wally Badarou, mwanamuziki mwenye asili ya Benin. Imesafishwa vizuri mno, hilo sikatai. Lakini rudi nyuma mpaka Soon Forward ya 1979, aliyoifanya na Sly Dunbar kwenye ngoma na Robbie Shakespeare kwenye besi. Hamna vinanda vya kubembeleza kiasi kile, na uchelewaji ni uleule. Kisha nenda mbele, Rumours ya 1988, mtayarishaji Gussie Clarke. Pale ridimu, yaani ngoma na besi za wimbo, ni ya mashine. Mashine haimngoji mtu, haisikii mwimbaji, haina huruma. Na bado Gregory ameegemea nyuma vilevile, ametulia. Zana zimebadilika zote, yeye hajabadilika.

Na kuna jambo linaloniuma kulisema. Dawa za kulevya zilimwumiza sana, na yeye mwenyewe hakulificha. Miaka yake ya mwisho sauti ilikuwa imekwaruzika, noti za juu zimemkimbia. Alifariki London tarehe 25 Oktoba 2010, kwa saratani ya mapafu. Sikiliza alivyoimba karibu na mwisho. Koo limechakaa, lakini mistari bado inatua pale pale nyuma ya pigo, na wimbo bado ni laini. Selekta, kama ulaini ungekuwa kooni, ungeondoka na koo.

Wala hakuuanzisha yeye. Alizaliwa Kingston tarehe 15 Julai 1951, akakulia maeneo ya Denham Town. Mwaka 1966 ska, ule muziki wa kasi wa Jamaika uliotangulia reggae, ilipopunguza mwendo ikawa rocksteady, alikuwa kijana wa kushika kila kitu kinachopita redioni. Ule mwendo mpya uliwapa waimbaji nafasi ya kupumua. Alton Ellis, Ken Boothe, Delroy Wilson, hao ndio waliitumia nafasi hiyo kwanza, nao walikuwa wamekunywa soul ya Marekani, Curtis Mayfield na The Impressions, Sam Cooke. Kwa hiyo unaposikia reggae yenye roho ya soul, hujapotea. Reggae na soul ni ndugu waliolelewa nyumba moja.

Swali lako la roots ndilo lililonifanya niandike haya yote. Tafuta filamu ya Rockers, ya 1978. Kuna mahali Gregory anapanda jukwaani akiimba Slave Master. Ndani ya wimbo huo mtumwa anatishia kulichoma shamba la bwana wake asipopata anachotaka. Sikiliza anavyolisema. Hapandishi sauti. Anatumia sauti ileile ambayo angembembelezea mpenzi. Mtu anayefoka umeshajua hasira yake itaishia kwenye kufoka. Anayetaja moto bila kubadilisha sauti, huyo kiberiti anacho mfukoni. Uzito wa roots kwake unatoka hapo, na nakuambia hakuna mwimbaji aliyewahi kunitisha kiasi kile kwa kuimba taratibu.

Cha kufanya: weka mdundo wa kuhesabu kwenye simu, taratibu. Piga kofi kwenye tatu peke yake. Usiimbe. Kaa hapo mpaka mwili uache kuitafuta moja, na kwa mtu wa kwaya hilo huchukua muda kuliko anavyodhani. Kisha sema maneno ya wimbo, useme tu, huku kofi likiendelea, na kila mstari uanze baada ya moja kupita. Ukishaweza kuusema bila kukimbia, ndipo uuimbe. Ukiona umelifikia kofi kabla halijalia, rudi kwenye kusema.

Selekta_Lurambi, Kakamega

Mzee wa besi, umenipiga na hoja ya koo, na nimeikubali hiyo. Lakini kuna mahali unampeleka dada kubaya. Unamfanya aamini kwamba ulaini una mlango mmoja, wa Gregory. Kwani Dennis Brown, mwimbaji mwenzake wa Jamaika, mmemweka wapi?

Dada, sikiliza. Dennis alizaliwa Kingston 1 Februari 1957 na alianza kurekodi kwenye studio iitwayo Studio One akiwa bado mtoto. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1970. Bob Marley alisema huyo ndiye mwimbaji anayempenda. Na Dennis ana kifua! Haegemei nyuma kama Gregory, anaimba kwa mdomo wazi, sauti imejaa, na bado ukimwita mkali nitakushangaa. Ukitaka kujua soul inavyoingia kwenye reggae, chukua Westbound Train ya 1973, aliyomfanyia mtayarishaji Niney. Lile gitaa limeazimwa kwa Al Green, mwimbaji wa soul wa Marekani, kwenye Love and Happiness. Weka nyimbo hizo mbili moja baada ya nyingine usiku watu wakiwa wamechangamka, uone kama kuna atakayeketi.

Kisha fanya hivi. Money in My Pocket aliirekodi mara mbili na mtayarishaji Joe Gibbs. Ya kwanza 1972, kijana wa miaka 15. Ya pili 1978, na hiyo ndiyo iliyoingia chati za Uingereza. Sikiliza zote. Kwenye ya kwanza sauti ni ya mtoto mwenye kipaji anayeutaka wimbo. Kwenye ya pili wimbo ndio unamtaka yeye. Sauti ni pana, ana uhakika, hamwombi mtu. Huo upana ndio nauita ulaini, na mtu wa kwaya anaweza kuufikia bila kujikata mabawa. Dennis alifariki 1 Julai 1999, akazikwa National Heroes Park, wanakozikwa mashujaa wa Jamaika. Nchi haimziki pale mtu aliyeimba vibaya.

Na kama kanisa liko ndani yako kiasi hicho, mtafute Garnet Silk. Albamu ya It's Growing, 1992. Huyo sauti inatetemeka juu kule, sala tupu. Alikufa kwenye moto Desemba 1994, akijaribu kumwokoa mama yake, miaka 28. Nikimcheza Garnet hapa Kakamega hata wazee wasiojali reggae wanauliza huyo ni nani.

Kwa hiyo maneno yangu ni haya: ukijilazimisha kuwa Gregory, utapoteza kitu ambacho Section 58 wanalipia kuja kukisikia.

Besi_ya_Dunga, Kisumu

Dennis ni mfalme, hilo hatutagombania. Na wawili hao walirekodi pamoja katikati ya miaka ya 1980, chini ya Gussie Clarke. Msikilize Dennis vizuri hapo: kifua kimejaa, lakini kwenye moja hayupo. Amefika na nguvu zake zote, amefika baada ya ngoma. Tunasema jambo moja, ndugu yangu.

Mwalimu_Kanduyi, Bungoma

Naomba niingie kwa sababu mmeisema kwaya kana kwamba ni ugonjwa.

Mimi nafundisha kwaya, na nyumbani naweka Gregory nikipika, kwa hiyo najua pande zote mbili. Dada, kabla ya habari za pigo, jibu swali hili: mnaupiga wimbo kwenye kii gani, yaani noti ya msingi ipi? Kama bendi inacheza kii ya Gregory mwenyewe, uko taabani hata ukijua wan dropu usingizini. Yeye anaimba karibu sana na sauti yake ya kuongea. Mwanamke akiuchukua wimbo ule kwenye kii hiyohiyo, ana njia mbili tu. Aimbe palepale alipo Gregory, chini, ambapo sauti yake haina nyama na wimbo unalala. Au apande oktavu nzima, aanze kupaza, na wimbo unageuka wa kwaya. Sasa soma ulichoandika mwenyewe: nikipunguza unalala, nikiongeza unakuwa wa kwaya. Ni hilo hasa.

Mwambie mpiga gitaa ahamishe kii. Usimwambie nusu hatua. Waimbaji wa kike wengi wanahitaji wimbo wa mwanamume uhamishwe kwa hatua ya nne au ya tano ili ukae katikati ya sauti. Kipimo changu ni rahisi: sema kwa sauti ya kawaida "leo nimechoka", sikiliza umetamka kwenye noti gani, na ubeti ukae kuzunguka hapo. Ukiimba karibu na unapoongelea, ule ulaini nusu yake umeshaupata bure.

La pumzi. Watu wanadhani kuimba taratibu kunahitaji pumzi kidogo. Inahitaji kuishikilia zaidi. Mwimbaji anayeanza akipunguza sauti hulegeza tumbo, pumzi inavuja pembeni, noti inashuka chini ya kii, na anasikika mgonjwa. Ile mbavu unayoitanua kwa ajili ya wimbo mkubwa wa Pasaka, itanue vilevile kwa Gregory, halafu toa kidogo kidogo. Hiyo umejifunza kanisani, usiitupe.

Na maiki, tafadhali. Kwaya zetu zinaimba mbali na maiki, maiki inaning'inia huko juu. Gregory anaimba na maiki midomoni. Ukiisogelea hivyo, sauti nzito za chini zinaongezeka zenyewe, sauti inakuwa na joto. Lakini "p" na "b" zitapiga spika kofi, kwa hiyo igeuze kidogo, ielekee kona ya mdomo badala ya katikati. Usifunike kichwa chake na kiganja, itaanza kulia. Na mwambie anayeshika mitambo akuongezee sauti yako kwenye monita, ile spika inayokuelekea wewe jukwaani. Mwimbaji asiyejisikia hupiga kelele, hata awe nani.

Sauti_ya_Menengai, Nakuru

Asanteni sana nyote. Nimesoma mara nyingi.

Mwalimu, ulichosema cha kii kimekuwa kweli. Tulikuwa tunacheza ya Gregory mwenyewe, kwa sababu ndiyo mpiga gitaa aliyoizoea. Kwenye mazoezi tumehamisha, akalalamika kwamba mikono yake haipendi huko, kisha aliposikia ubeti wa kwanza akanyamaza. Sijawahi kuimba wimbo ule nikiwa sijakaza shingo. Kona ya mdomo nayo imefanya kazi.

Mzee wangu wa Dunga, kofi la tatu limekuwa gumu kuliko nilivyotarajia. Mkono unapiga vizuri, lakini nikianza kusema maneno, kichwa changu chenyewe kinainama kwenye moja. Mpiga ngoma alinionyesha, sikuwa najua. Nikasimama nikiegemea ukuta kichwa kisisogee, ndipo nikaweza. Nyimbo za Gregory sasa zinaanza kukaa.

Selekta, Dennis nimemwongeza. Nitaimba Here I Come na sitapunguza kitu, nakuahidi.

Shida iliyobaki ni nyimbo zangu mwenyewe. Ninaandika kwa Kiswahili. Nikijaribu kuchelewa, maneno hayaishi, yanarundikana, inabidi nikimbie ili nimalize mstari kabla gitaa halijageuka. Kwa mfano: "Nimekungoja tangu magari ya mwisho yaondoke steji, na simu yako haijaita bado." Kwenye karatasi naupenda. Nikiuimba, nakimbizwa. Nifanyeje?

Besi_ya_Dunga, Kisumu

Huo wa kichwa ukutani nitauiba, nitawafundisha vijana wa hapa.

Mstari wako ni mzuri na umejaa abiria. Nimehesabu silabi, zimepita 30. Gregory kwenye nafasi hiyo angeweka chache mno, na sehemu iliyobaki angewaachia wenye vyombo. Kiswahili kinakupa zawadi moja kubwa: kila neno linaishia kwa irabu, kwa hiyo unaweza kuliachia taratibu bila mlango kujifunga. Lakini kinadai malipo yake, maneno ni marefu, kila kitenzi kinabeba nani, lini na nani tena. Kwa hiyo usijaribu kusema habari yote.

Umeshasema "nimekungoja". Ndani ya neno hilo kuna wewe, kuna yeye, kuna muda. Inatosha! Nyamaza. Acha besi ipite. Kisha "steji tupu". Nyamaza tena. Kisha "simu kimya". Silabi 13 jumla, na msikilizaji ameliona gari la mwisho likiondoka bila wewe kulitaja. Mkazo wa neno letu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Basi ile "ngo" ya nimekungoja ndiyo uilete nyuma ya tatu, ivute kidogo, na "ja" uiachie ianguke yenyewe. Ukiweka "ni" kwenye moja, umerudi kanisani. Ianze baada ya mbili.

Ule mstari mrefu usiutupe. Uweke kwenye kiitikio, mpe anayekuitikia auseme haraka haraka nyuma yako wewe ukiwa umenyamaza. Utapendeza hapo.

Mwalimu_Kanduyi, Bungoma

Nakubali, ila wa kuitikia wasizidi wawili, na wasiingie kwenye maneno yote. Waingie kwenye mwisho wa neno, "ngoja" peke yake, kwa noti mbili za juu yako. Nyimbo nyingi za zamani za Jamaika hamoni zinafanya hivyo, zinachukua mkia wa mstari. Ukiwapa kwaya nzima hapo utazama.

Selekta_Lurambi, Kakamega

Dada, wimbo huo ukiurekodi nitumie. Nitauweka katikati ya Dennis na Gregory na sitatangaza ni wa nani.

Sauti_ya_Menengai, Nakuru

Nitautuma. Swali la mwisho kwa mzee. Nina wimbo mwingine, huu wa roots, juu ya watu waliohamishwa mashamba yao hapa Bonde la Ufa. Nyumbani kwetu ni jambo lililotugusa. Ubeti wa mwisho nikiuimba machozi yanakaribia na sauti inapanda yenyewe. Niizuie, au niiache?

Besi_ya_Dunga, Kisumu

Pole, binti yangu. Hayo tunayajua, hata huku tulipokea watu.

Izuie. Sisemi kwa sababu ya mtindo. Waliokaa mbele yako Section 58 wako ambao jambo hilo liliwapata pia, na ukilia wewe, watakuonea huruma wewe badala ya kuyafikiria yao. Imba ubeti wa mwisho kwa sauti ileile ya ubeti wa kwanza, maneno yote yasikike, hasa majina ya mahali. Kama unahisi itapanda, mwambie mpiga ngoma atoe kiki kwenye ubeti huo, abaki na ukingo wa sneya tu, na mpiga besi apige noti moja kila mstari. Watakushika. Ukimaliza, usirudie kiitikio.

Na mkipanga mazoezi ya wimbo huo nijulishe. Kisumu na Nakuru si mbali, nitakuja na besi yangu.